Taa Itiiyo Mkono

Usiku mmoja wa masika nilifika Butiama nyumbani kwa mama yangu mzazi, nyumba ambayo nguzo ya umeme imesimama hatua thelathini kutoka mlangoni, ambayo mita yake ya LUKU ilikuwa na yuniti za kutosha mwezi mzima, na ambayo dari zake zilikuwa zimefungwa balbu kumi na moja mpya za ile namna iitwayo janja, nikamkuta ajuza huyo ameketi sebuleni, shali begani, mbele ya koroboi. Hakulalamika, maana si mtu wa malalamiko. Aliitika shikamoo yangu, akanionyesha kwa kidole swichi ya ukutani ambayo juu yake mjukuu wake alikuwa amebandika selotepu mbili zilizopishana, akasema, "Niliambiwa nisiiguse, baba. Taa zinawashwa kwa simu, na mwenye simu yuko Mwanza." Nikabandua selotepu, nikaizima swichi, nikaiwasha tena, na papo hapo sebule ikajaa nuru.

Sababu yake ni nyepesi kwa mwenye kuijua, na ni fumbo kwa asiyeijua. Balbu janja hubeba ndani ya kitako chake kidude kidogo cha kupokea mawimbi, ambacho sharti kiwe macho mchana na usiku kikingoja amri. Kwa hiyo swichi ya ukutani haina budi kuachwa imewashwa daima, maana mtu akiizima, balbu huwa kiziwi na simu huita bila kuitikiwa. Na kwa kuwa balbu iliyokatiwa umeme kisha ikarudishiwa huamka, aghalabu, ikiwaka kwa nguvu zake zote kama ilivyopangwa kiwandani, kule kuzima na kuwasha kwangu kulitosha kuiamsha. Mama angaliweza kulifanya hilo mwenyewe kwa kidole kimoja, laiti asingalikatazwa kukigusa kitu pekee cha umeme alichokijua ndani ya nyumba yake.

Jambo hilo ndilo lililonituma kuandika makala haya, kwa kuwa mimi nami najenga, Musoma, katika mtaa wa Bweri, na kabla ya kupiga lipu niliazimia kujua kwa yakini ni tekinolojia gani ya kuongozea taa inayofaa kuaminiwa katika mkoa wetu wa Mara. Nimesoma, nimewasumbua mafundi, nimefungua maboksi ya swichi katika nyumba za jamaa na marafiki, na neno nililolipata naweza kulisema mara moja, kisha nilieleze kwa utulivu: uthabiti wa taa hupimwa kwa kile inachofanya vitu vingine vyote vinapokosekana, yaani simu, mtandao, mwenye nyumba, na hata umeme wenyewe kwa kitambo.

Watu wa Mara si wageni wa elimu hii. Mtu asimamaye ufukweni Musoma katika usiku usio na mwezi huona ziwani kama mji mwingine wa taa, nazo ni taa za wavuvi wa dagaa, ambao tangu enzi za karabai wamekuwa wakiwaita samaki kwa nuru. Karabai ilikuwa na tabu zake: mafuta ya taa yalipanda bei, utambi wake ulikatika kwa mtikiso mdogo wa wimbi, na kioo chake cha moto kilipasuka kikirukiwa na tone la maji baridi, walakini mvuvi alijua kila maradhi yake na dawa ya kila maradhi, na alipohamia katika taa za betri, kama walivyohamia wengi, hakuhama kwa kuvutiwa na upya wake bali kwa kuwa alikwisha kuziona zikimaliza usiku mzima majini. Mvuvi huuliza taa itadumu hadi saa ngapi, ikinyeshewa itakuwaje, na ikiharibika vipuri viko sokoni au havipo. Sijapata kumsikia akiuliza ina rangi ngapi. Laiti sisi tujengao nchi kavu tungaliwauliza wauza taa maswali hayo hayo.

Na tukumbuke tulipo. Mkoa wetu uko mkiani mwa gridi. Umeme mwingi tunaoutumia huzalishwa mbali, kusini na mashariki ya nchi, ukasafiri kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hata Mwanza, ndipo ushike njia ya kilovolti 132 kuja Musoma. Mtoto wa Butiama aliyezaliwa mwaka 1922, zama ambazo nuru ya usiku katika vijiji vya Wazanaki ilikuwa moto wa kuni na mbalamwezi, leo jina lake limepewa bwawa la Rufiji lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na tangu mtambo wa kwanza ulipoanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024 ule upungufu mkubwa wa uzalishaji tuliouzoea umepungua sana. Hata hivyo maji yakijaa Rufiji hayaizuii nguzo ya Bunda isianguke kwa upepo. Kadhalika bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi mno duniani, na dhoruba za ziwani hupenda usiku, saa ile ile ambayo taa zinahitajiwa. Kwa mtu wa Mara, basi, kukatika kwa umeme, kurudi kwake kwa kishindo, na ule umeme mdogo unaolifanya jokofu lingurume bila kugandisha, ni hali za kawaida ambazo chombo chochote cha nyumbani sharti kizaliwe kikizijua.

Nilipata kuonja hayo mwenyewe katika nyumba niliyopanga. Umeme ulikatika saa nne za usiku, tukalala. Ukarudi saa tisa, na balbu janja zote za nyumba hiyo, chumba cha watoto na cha wageni, zikawaka kwa pamoja kama vile kumepigwa mbiu. Watoto waliamka wakidhani kumekucha. Ilikuwa ni tabia ile ile ya balbu iliyomwokoa mama yangu Butiama, sasa imekuwa adha. Maana chombo kilichofundishwa kuwaka kila kipatapo umeme hakina njia ya kupambanua mkono wa mtu na kurejea kwa umeme wa TANESCO. Vyombo vilivyotengenezwa kwa uangalifu humpa mwenyewe hiari ya kuchagua: umeme ukirudi, taa iwake, au ibaki imezima, au irejee katika hali iliyokuwa nayo kabla ya kukatika. Hili ndilo swali la kwanza ninalomwusia kila mnunuzi, na muuzaji asiyeweza kulijibu huyo bado hajaijua bidhaa yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba akili ya taa haipasi kukaa katika balbu. Balbu ni kitu cha kuungua na kutupwa; hutolewa na mtoto, hubadilishwa na mgeni, huibwa barazani. Swichi hukaa ukutani miaka ishirini, na mkono wa kila mtu, awe bibi, awe mjomba aliyekuja msibani, huijua njia ya kuifikia gizani. Swichi janja iliyo njema ni swichi kwanza: huwasha na kuzima kwa kidole hata kama mtandao umekufa, na ule ujanja wake wa kupokea amri ya simu au ya saa ni nyongeza juu ya kazi hiyo. Pia kuna hesabu ya fedha. Balbu janja iliyozimwa kwa simu haikuzimika kabisa, bali inaendelea kunywa umeme kidogo, nusu wati hivi, kwa ajili ya kusikiliza. Nyumba yenye balbu ishirini za namna hiyo inapoteza wati kumi saa zote, na kwa mwezi wa siku thelathini ni yuniti 7.2, wakati mteja mdogo wa nyumbani anayepewa bei nafuu hatakiwi kupita wastani wa yuniti 75 kwa mwezi. Karibu sehemu moja ya kumi ya haki yake inaliwa na taa zilizozimwa! Swichi janja nayo hula chake, lakini moja hutawala taa nne au tano, na tofauti huonekana kwenye tokeni.

Ila swichi ina sharti lake, na sharti hilo lilinifunulia siri ya kuta zetu. Nilimwalika fundi, kijana aliyesomea VETA, tukaenda Mwisenge, hapa hapa mjini Musoma, katika nyumba ya zamani ya rafiki yangu ambaye naye alitaka taa zake ziitikie simu. "Mwalimu, tuanze na swichi ya sebuleni," akasema; akakata umeme kwenye mein swichi, akapima kwa testa kuhakikisha, akafungua skrubu mbili, akaivuta swichi nje ya boksi lake la chuma, na vumbi la lipu ya zamani likamwagika sakafuni. Nyuma yake zilikuwamo nyaya mbili, zote nyekundu, zimekauka na kukakamaa. Akaziangalia kwa kitambo, akasema, "Hapa hamna nyutro."

"Iko wapi?"

"Iko darini, mwalimu. Imeishia kwenye silingi rozi. Nyumba karibu zote za zamani ziko hivi."

Wala halikuwa kosa la aliyefanya wayaringi. Huo ni utaratibu wa Kiingereza tuliourithi, ambao waya wa umeme na wa nyutro hupita darini kutoka taa hadi taa, na kinachoshuka ukutani ni nyaya mbili tu, mmoja ukileta umeme kwa swichi na mwingine ukiupeleka kwa taa. Kwa swichi ya kawaida, ambayo kazi yake ni kuunga na kutenga, hizo mbili zatosha kabisa. Lakini swichi janja ina moyo unaopaswa kupiga saa zote, na moyo huo hauwezi kupiga bila umeme kuingia kwa upande mmoja na kutokea nyutro kwa upande wa pili. Nilipoyaelewa hayo nilifahamu kwa nini watu wengi mjini wamenunua swichi za thamani, wakazipeleka kwa fundi, zikarudi zimefungwa katika boksi zake.

Wenye viwanda wamebuni hila ya swichi isiyohitaji nyutro, ambayo hupitisha umeme mdogo sana ndani ya taa yenyewe hata ikiwa imezimwa. Zama za balbu za nyuzi za wati 60 hila hiyo haikuonekana; kwa balbu za LED za wati tisa inaonekana dhahiri, maana umeme huo mdogo huifanya taa imetemete usiku au ibaki na mwanga hafifu kama kaa linalokufa, na fundi hulazimika kufunga kapasita sambamba na taa ili kuutuliza. Yafaa niongeze hapa kwamba taa ya LED ikionyesha mwanga hafifu juu ya swichi ya kawaida, mwenye nyumba asilidharau jambo hilo, kwa kuwa yaweza kuwa dalili kwamba fundi aliipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto, na hapo holda hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimwa, ikimngoja mtu wa kwanza atakayepanda juu ya kiti kubadilisha balbu.

Njia ya pili, ambayo rafiki yangu wa Mwisenge aliichagua, ni kufunga rilei ndogo janja, yaani swichi inayoamriwa kwa umeme, kule darini kwenye silingi rozi, ambako nyutro iko, na kuiacha swichi ya zamani ukutani iwe ndiyo inayoiamuru. Ni njia nzuri, na mkono hauoni tofauti yoyote. Lakini nafasi iliyo kati ya dari na bati, hapa kwetu penye jua la ikweta, mchana huwa tanuri, na joto ni adui wa kila kitu cha elektroniki. Kwa hiyo rilei ya darini ichaguliwe ile ambayo maandishi yake yanaonyesha kwamba inastahimili joto, ifungwe mbali na bati, wala isibebeshwe mzigo unaokaribia mwisho wa uwezo wake.

Kwa anayejenga upya, kama mimi wa Bweri, hakuna haja ya hila hizi. Nilimwambia fundi wangu, ambaye ana leseni ya EWURA na hakuona taabu kubadilisha michoro, ashushe nyutro katika kila boksi la swichi, atumie maboksi yenye kina cha milimita 35 au 47 badala ya yale mafupi, na aache paipu moja tupu kutoka kila chumba hadi kwenye bodi kuu kwa ajili ya mambo ambayo leo hatuyajui. Kadhalika nikamwomba aweke kinga ya radi katika bodi hiyo, na arthi iliyopimwa, si chuma kilichochomekwa ardhini kwa kuridhisha macho.

Sasa niseme habari ya mawimbi, ambayo ndiyo wauzaji huanza nayo na mimi naiweka nyuma. Mpwa wangu aishiye Ohio, Marekani, kwa mapenzi makubwa alinitumia kisanduku cha swichi kumi. Nilimshukuru, na hata moja sikuifunga. Swichi hizo ni za volti 120, nasi tuna volti 230. Umbo lake ni la mstatili mrefu, nasi maboksi yetu ni ya mraba kama ya Uingereza. Na mawimbi yake, ya namna iitwayo Z-Wave, ni ya megahezi 908 zinazotumiwa Amerika, wakati Ulaya hutumia 868, na hizo 908 kwetu zimo ndani ya masafa ambayo simu za mkononi huongelea na minara. Jamaa walioko ng'ambo wanaopenda kutusaidia na wasome kwanza maandishi ya nyuma ya chombo. Bidhaa zitokazo Guangzhou na Dubai, ambazo hutufikia kupitia Kariakoo, aghalabu huingia katika maboksi yetu bila kulazimishwa, ingawa kuingia katika boksi peke yake si shahada ya ubora.

Baina ya namna zenyewe za mawimbi, Z-Wave, iliyobuniwa Denmark mwaka 1999, hutumia masafa ya chini ambayo hupenya vizuri zaidi kuta nene za matofali na mawe tunazozijenga Mara; Zigbee, ambayo hukaa katika gigahezi 2.4 pamoja na waifai na vitu vingine vingi, ni rahisi zaidi kupatikana, na vyombo vyake hupokezana ujumbe, kimoja kikimpa jirani yake, hata ufike chumba cha mwisho, mradi pasiwe na mtu anayekata umeme wa jirani huyo ukutani. Waifai haihitaji kisanduku cha pekee, na ndiyo sababu imeenea. Lakini swichi ishirini juu ya modemu ndogo ya nyumbani ni mzigo, na modemu hiyo ikizimika, zote hupoteza ujanja wake kwa pamoja. Boksi la chuma la ukutani huyafunika mawimbi yote hayo kwa kiasi, na mtu asiyelijua hilo atailaumu swichi isiyo na hatia. Nami sioni kwamba uchaguzi baina ya hizi tatu ndio roho ya jambo. Yoyote kati ya hizo yaweza kumtumikia mtu vyema.

Roho ya jambo ni hili: amri ya kuwasha taa inapita wapi? Kwa vyombo vingi vya bei nafuu, mtu abonyezapo simu yake Bweri, amri huondoka Musoma, ikashika nyaya za chini ya bahari, ikafika kwenye seva za kampuni katika nchi nyingine, ndipo irudi kuwasha taa iliyo mita mbili mbele ya mtu huyo. Safari hiyo ni ya nusu sekunde siku njema. Siku mbaya tuliiona Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Mtu ambaye taa zake zilitegemea seva za ng'ambo alikuwa akingojea meli ya mafundi baharini ili awashe taa ya jikoni. Na kuna balaa kubwa kuliko kukatika kwa nyaya, nayo ni kufa kwa kampuni. Mwaka 2016 kisanduku kilichoitwa Revolv, ambacho watu wa Marekani walikinunua kiongoze nyumba zao, kilizimwa na kampuni iliyokuwa imeinunua Revolv, kikabaki plastiki tupu. Aprili 2022 seva za Insteon zilinyamaza bila ya onyo, na maelfu wakaamka asubuhi programu zao hazifanyi kazi. Lakini swichi zao za ukutani ziliendelea kuwasha na kuzima, kwa sababu zilikuwa zimeundwa kuwa swichi kwanza. Hilo ndilo funzo ninalotaka fundi wa Bunda na wa Tarime alichukue kutoka huko mbali.

Basi ichaguliwe swichi ambayo amri yake huishia ndani ya nyumba. Ipo njia ya kulijaribu jambo hili dukani au nyumbani kabla siku za kurudisha bidhaa hazijapita: chomoa waya wa intaneti kutoka katika modemu, uiache modemu yenyewe ikiwaka, kisha ujaribu kuwasha taa kwa simu. Ikiwaka, chombo hicho ni chako. Kanuni mpya iitwayo Matter, iliyotolewa mwaka 2022 kwa mapatano ya kampuni kubwa ambazo zamani kila moja ilikuwa na lugha yake, imeweka msingi wa vyombo kuongea ndani ya nyumba bila kupitia ng'ambo, na kwa hiyo alama yake juu ya boksi ni jambo la kutazamwa kwa matumaini.

Lakini taa zilizonipendeza kuliko zote sikuzikuta katika nyumba yenye simu janja. Nilizikuta Bunda, katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, yenye ukumbi mrefu wa vyumba kumi na viwili. Ukumbini mna vitufe vitano vya kubonyeza, kila baada ya hatua chache. Mgeni akibonyeza kimojawapo, taa zote za ukumbi huwaka. Akifika mwisho akabonyeza kingine, zinazima. Mwenye nyumba alinifungulia bodi, akanionyesha rilei moja, ndogo kama kiberiti, ambayo kila ipigwapo hugeuka upande wa pili na kukaa huko yenyewe bila kunywa umeme, na umeme ukikatika hubaki pale pale ilipokuwa. Rilei za namna hii si uvumbuzi wa jana. Piero Giordanino wa Italia alizipatia hataza mwaka 1949. Hakuna programu, hakuna seva, wala neno la siri la kusahauliwa, na mtu akitaka kuiongezea ujanja kesho, rilei janja huwekwa mahali pale pale katika bodi, na vile vitufe vitano vikaendelea na kazi yake.

Nyumba hiyo hiyo ilinipa somo la saa. Taa za nje zilikuwa zimefungwa saa ya kujiendesha, na kwa muda zilikuwa zikiwaka adhuhuri na kuzima alfajiri. Fundi alikuwa ameandika 12:45 akikusudia saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano za jioni, kama tunavyohesabu sote, ilhali chombo kile kinahesabu tangu usiku wa manane na kilipaswa kuambiwa 18:45. Kosa hilo ni jepesi na hutokea sana, na dawa yake ni kuandika karatasi ndogo ndani ya mlango wa bodi. Lakini baada ya kulisahihisha, saa hiyo ya bei ndogo inatosha kabisa. Musoma iko nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, na mwaka mzima jua letu huzama baina ya saa 12:30 za jioni na saa 1:05 za usiku, tofauti ya dakika thelathini na tano tu, wakati London kuzama kwa jua huhama kwa zaidi ya saa nne kati ya Desemba na Juni. Wale wa kaskazini wanahitaji vyombo vya kupiga hesabu za falaki ili taa ziwake kwa wakati. Sisi Mola ametuepusha na gharama hiyo. Na anayekaa karibu na ziwa aweke nje taa ya rangi ya manjano badala ya nyeupe, maana zile siku ambazo vijidudu vya ziwani huinuka kama moshi, taa nyeupe iliyo mbele ya mlango huviita vyote sebuleni.

Nyumba kubwa na hoteli zenye uwezo zaweza kutazama KNX, ambayo huendesha taa kwa waya wake wa pekee, hukubaliwa na viwanda mamia, na haitegemei mtandao wala seva. Bei yake ni kubwa, na kabla ya kuinunua mtu ahakikishe kwamba fundi aijuaye anaweza kufika kwake bila kupanda ndege. Swichi za kupunguzia mwanga sizipendekezi sana: balbu nyingi za LED zilizoko madukani hazikutengenezwa kwa ajili hiyo, na zikilazimishwa huvuma na kutetemeka.

Kwa mama yangu Butiama nimerudisha balbu za kawaida na nimeziondoa selotepu zote. Nimebakiza kitu kimoja cha kisasa, sensa ya mwendo iliyofungwa kwa waya katika njia ya kwenda msalani, ambayo humwashia taa anapopita usiku na kuizima nyuma yake, na ambayo haikumtaka ajifunze lolote. Ninapompigia simu hunieleza habari za mahindi na za wajukuu. Habari ya taa haitaji tena.

Nawe msomaji unayejenga Bunda, Butiama, Musoma au kwingineko, ambaye kuta zako bado ni tofali tupu, fanya hisani hii kwa wazee wako na kwa mfuko wako: kabla fundi wa lipu hajachanganya mchanga na saruji, pita chumba kwa chumba, simama mbele ya kila boksi la swichi, uhesabu nyaya zilizomo, na ukikuta mbili tu, mwite fundi umeme arudi.